Mzee Ghalibu Ameamriwa Kupumzika

Baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha plasta cha hospitali yetu hapa Tabora, Mzee Ghalibu Nabhan anastaafu tarehe 30 Juni 1984. Serikali imemwamuru akapumzike: yeye, aliyetumia miaka yote hiyo kuwakataza watu kupumzika!

Alianza kazi chini ya Mwingereza, akaupokea Uhuru mikono ikiwa imejaa plasta, na zama za vijiji vya Ujamaa akawafunga waliodondoka kwenye mapaa ya nyumba mpya.

Mwaka jana alirudi kutoka semina ya Dar es Salaam na habari za radikali huru, chembe kali zinazotokana na hewa tunayovuta. Alisema zinafanana na mjumbe wa nyumba kumi: asipopita, seli hazipati habari; akizidi kupita, hakuna anayelala. Mhadhiri wao alishuku kwamba ndizo pia huchochea seli zinazokula mfupa. Tulicheka sana katika mkutano wa wafanyakazi, isipokuwa mwenzetu mmoja aliye mjumbe.

Nami nilicheka, mpaka mchumba wangu Yahaya, moyo wangu, alipoanguka na baiskeli akavunjika muundi. Plasta ilipotolewa, mama yake, Bi Tufaha, alimlaza kitandani kwao Mtendeni, akawa anamnywesha supu ya kongoro. Harusi ilikuwa imekaribia, na kwetu Isevya bwana harusi huja kwa miguu, kwa dufu na vigelegele. Anayebebwa husimuliwa hadi kwa wajukuu.

Mzee Ghalibu akaenda bila kuitwa.

"Bi Tufaha, unamuuguza au unamnenepesha kwa Idi?"

"Shemeji, mguu umekwisha kama ufito, nawe wataka gwaride?"

"Umekwisha kwa kulala! Mfupa ukikosa kazi, seli zinazoula hazichoki. Zinazoujenga ndizo husinzia. Inuka, bwana harusi!"

Kila jioni wakazunguka mtaa, Yahaya na fimbo yake, Mzee na kejeli zake. Siku ya harusi nilichungulia dirishani, nikamwona mpenzi wangu anakuja kwa miguu yake mwenyewe, akichechemea kama mfalme. Sijaona mwendo mzuri kuliko ule!

Sasa kamati ya wafanyakazi, kwa mapenzi yote, imemnunulia zawadi: kiti cha kulalia cha mninga. Mzee alikitazama kama anavyotazama mguu uliovunjika.

Usihofu, Mzee wetu, na ahsante kwa kila hatua. Julai mosi asubuhi, Yahaya atakugongea mlango huko Itetemia, fimbo ile ile mkononi, akutoe kitini. Tunakutakia uzee mwema, na mifupa isiyokosa kazi.