Aliyeonja Uji Mbele Yangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufunga siku tatu nikimwomba Mungu amfichue mama asiye na hatia. Wapendwa, wengi wenu mlikuwa humu kanisani niliposimama baada ya mfungo ule nikasema kuna mtu hapa kambini Nakivale ananilisha sumu. Sikutaja jina. Niligeuka tu nikalitazama benchi lake.

Mnanijua. Cherehani nilijifundisha mwenyewe, na mshono ukipinda kidogo nafumua nguo nzima. Hata ugonjwa niliufuata hivyo. Tumbo lilipoanza kuniwaka, niliandika kwenye daftari kila nilichokula na saa ya maumivu. Mara mbili yalikuja baada ya kula sombe, kile kisamvu chetu, ya huyo mama, jirani yangu. Mara mbili tu, lakini nilizipigia mstari. Sisi tuliotoka Kivu, habari za sumu tumekua nazo.

Mkamtoa kwenye jiko la kanisa, alikokuwa akitupikia. Nami nikasema moyoni, Mungu amejibu.

Halafu nikatapika damu, nikapelekwa hospitali Mbarara. Ndugu zangu, nawaambia, kule bila mtu wako wa kukuangalia unaweza kulala na kiu huku maji yako mlangoni. Muuguzi alisimama kando ya kitanda changu: "Wewe kijana, mutu yako iko wapi? Hapa mugonjwa hawezi kaa peke yake."

Sauti ikajibu nyuma yake: "Mutu yake ni mimi."

Alikuwa yeye, na chupa ya uji. Nikafikiri: amekuja kumaliza kazi.

Akamimina, akanywa funda moja kwanza, kama tunavyofanya kwetu kumwonyesha mtu kwamba kikombe ni salama. Nikamtazama koo kama amemeza kweli.

"Onja tena," nikasema. "Wa chini."

Akakoroga, akaonja. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu akacheka: "Mwana wangu, tukiendelea hivi, mimi nitatoka hapa munene, na we watakuzika."

Siku hiyo daktari alileta majibu: vidonda vya tumbo. Akaniuliza natumia dawa gani. Nikamtajia vidonge vya maumivu ya mgongo, nilivyojinunulia mwenyewe na kumeza kila siku, hata siku za mfungo, tumbo likiwa tupu. Akatikisa kichwa, akasema ndivyo vilivyonichoma tumbo. Vidonge hivyo havikuwemo kwenye daftari langu. Niliandika vyote nilivyopewa na watu, si kile nilichojipa mwenyewe.

Mama alikuwa akikunja shuka langu. Alisikia yote. Nikamwuliza kwa nini alikuja.

"Nilikasirika mingi," akasema. "Nilimuomba Mungu anisafishie jina. Kila nikiomba, nakuona we umelala kule Mbarara, fasi ya wageni, bila mutu. Nikachoka kubishana naye. Kunywa, uji inapoa."

Nilikuwa nangoja nguvu za Mungu zimshukie kama moto. Zilinijia mimi, ndani ya kikombe.

Namshukuru muuguzi yule, nawashukuru mlionibeba hadi kwenye gari. Zaidi ya wote namshukuru mama huyu, ambaye leo ameketi nyuma kabisa, na sote tunajua kwa nini. Nisamehe, mama. Nanyi nawaomba, mrudishieni jiko leo. Na mwenye daftari kama langu aanze kwa kujiandika mwenyewe.

Wasiwasi wangu haujaisha. Vikombe vya watu bado navichungulia. Lakini kwake ninakula, na simwambii aonje.