Karipio Alilopewa Glenys Pybus

Ndugu wafiwa, majirani na nyote mliofika, mimi ni Lyall, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Dada yetu Glenys Ruth Pybus alizaliwa tarehe 3 Mei 1956 hapa Ulverstone, Tasmania, mtoto wa kwanza wa mzee Colin na mama Beryl, akasoma hapa hapa, akaenda Hobart kusomea sheria, akaapishwa kuwa wakili mwaka 1980, akafungua ofisi juu ya duka la mikate na kuandikia nusu ya mji huu wosia. Aliolewa na Mervyn mwaka 1984, wakajaliwa Bronwyn na Dale.

Sasa nifike kwenye lile lililotuchosha sote. Agosti 2019 mjane mmoja, mama Ivy Tatlow, alikwenda ofisini kwa Glenys kuandika wosia, mwanawe Garth akang'ang'ania kukaa pale akimjibia kila swali, ndipo Glenys akamwambia, "Toka, au nikutoe mimi." Garth akashtaki, na bodi ya nidhamu ya mawakili, bila kumuuliza mama Ivy hata neno moja, ikampa dada karipio kwa utovu wa adabu na kulitangaza mtandaoni.

Akaomba baraza la rufaa lilipitie upya, shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena, mwenyekiti akastaafu, likaanza upya. Nilimwambia, "Dada, kubali yaishe, ni karipio tu." Akanijibu, "Nikikubali, Garth atasema wosia wa mama yake uliandikwa na wakili mkosaji, autupilie mbali. Mama wa watu atanyang'anywa neno lake akiwa kaburini." Sikumwambia tena.

Februari 2023 akagundulika kuwa na saratani ya kongosho. Juni alifika barazani kwa kiti cha magurudumu, na mama Ivy akaeleza, "Mwanangu alikuwa ananisemea. Huyu ndiye aliyeniuliza mimi." Septemba karipio likafutwa, baraza likisema kumtoa Garth chumbani ilikuwa ndiyo kazi ya wakili. Nilimsomea uamuzi kitandani, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Na imewachukua miaka minne kujua hilo?"

Alifariki tarehe 2 Oktoba 2023, karipio likiwa bado mtandaoni, nalo limeondolewa jana tu, baada ya Bronwyn kung'ang'ania simu asubuhi nzima akiipigia bodi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea chakula, mawakili wenzake mliosimama naye, na mama Ivy, aliyekaa pale mbele.

Dada, umeondoka na jina lako safi. Lala pema.