Theonest Masele: Kutoka Chumba cha Injini hadi Mdomo wa Shimo

Marehemu Theonest Masele alizaliwa Nyahanga, Kahama, tarehe 11 Machi 1936, katika familia ya wakulima wa pamba. Alisoma hapo Kahama hadi darasa la nane, akajifunza ufundi wa injini kwenye meli za ziwani Mwanza, na mwaka 1963 akaajiriwa Mombasa kwenye meli kubwa ya watalii.

Mwaka 1965 alifunga ndoa na Paskazia, ambaye kazi ya mumewe ilimchanganya tangu mwanzo.

"Meli yenu inabeba nini?" alimuuliza likizo ya kwanza baada ya kuzaliwa binti yao Zipora.

"Watu."

"Inawapeleka wapi?"

"Inawazungusha, halafu inawarudisha walikopandia."

"Na wanalipa? Baba Zipora, kama ulikuwa gerezani, sema tu."

Mwaka 1971 moshi ulijaa stoo ya chini melini. Fundi mmoja alimfuata mwenzake humo bila mtungi wa hewa, wakafa wote wawili. Tangu hapo marehemu alisimamia mazoezi ya usalama: king'ora kikilia, toka, simama kituoni kwako, mhesabiane.

Alirudi nyumbani mwaka 1981, akawa fundi wa pampu za kutoa maji mashimoni kwa wachimbaji wa dhahabu wa Bugarama. Alipopuliza filimbi ya mazoezi mara ya kwanza, kijiji kilimjia mbio na pinde na marungu. Kwetu mwano, yowe la kuomba msaada, ukipigwa, watu hukimbilia kwenye hatari.

"Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi. Nawafundisha kukimbia."

"Mzee, huko baharini mlikuwa waoga kiasi hicho?"

Agosti 1984 moshi wa pampu uliingia shimoni alimokuwa Herman, mwana wa Melania. Marehemu alizima pampu na kupuliza filimbi. Watu walikuja, mdogo wake Herman akiwa mbele, tayari kushuka. Marehemu alijilaza juu ya mdomo wa shimo, wakamkanyaga, hakutoka mpaka hewa safi ilipopulizwa chini. Herman alitolewa akiwa amefariki.

Melania aliacha kumsalimu Paskazia kisimani. Naye Paskazia, ambaye hakujua amtetee mumewe au amlaumu, alimuuliza: "Ulipolala pale, yule kijana alikuwa hai?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikujua siku ile, na leo sijui."

Mwaka 1986 ugonjwa wa mapafu ulimzidi, akalazwa hospitali ya Kolandoto. Jioni moja Melania aliingia wodini na chupa ya uji. Paskazia alisimama kwa hofu.

"Mwinue anywe," Melania alisema. "Yule uliyemzuia amepata mtoto, Theonest. Amemwita Herman. Nimekuja, na sijui kwa nini nimekuja. Kunywa."

Alikunywa. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1986.

Ameacha mjane, Paskazia; watoto, Zipora, Stanslaus na Scolastika; na wajukuu wanne. Mjane ameomba isomwe hapa kwamba jambo la siku ile shimoni bado hajalielewa, na kwamba Melania, aliyeketi naye mkekani leo, hajalielewa pia.

Mungu ampokee Theonest, ampe utulivu.