Delmer Hartkopf, Aliyesimama Kwenye Kila Kibao

Ndugu, majirani na nyote mliojaa kanisani humu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu Delmer Hartkopf, mimi Wanell, mdogo wake Lorene mkewe, na mtanivumilia, kwa maana shemeji huyu nilimpenda na alinichosha.

Delmer alizaliwa hapa Cuero, Texas, tarehe 3 Machi 1951, siku moja baada ya sikukuu ya uhuru wa Texas, kosa ambalo hakumsamehe mama yake hadi anamzika. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akasoma chuo mjini Victoria mwaka mmoja, akaacha baada ya kugombana na mwalimu wa historia aliyeimaliza miaka yetu tisa ya kuwa nchi huru kwa kipindi kimoja cha asubuhi.

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mwaka 1974 akaenda visima vya mafuta huko Midland, bei ya mafuta ilipoanguka mwaka 1986 akarudi mikono mitupu, ndipo akawa dereva wa basi la watalii hadi alipostaafu mwaka 2016, na jamani, hapo ndipo tulipokoma. Hukuweza kumwomba chumvi mezani bila kuelezwa kwamba hakuna jimbo lenye ng'ombe wengi kama letu, wala pamba, wala mitambo ya upepo, na kwamba mtu wa El Paso, magharibi mwa jimbo, yuko karibu zaidi na bahari ya California kuliko na Beaumont, mashariki mwa jimbo hilohilo. Kila kibao cha kumbukumbu kando ya barabara, na vipo maelfu, lazima kisomwe, tena kwa sauti, hata kama alikisoma mwaka jana, hata kama chakula cha Krismasi cha ukoo mzima kinapoa kwenye buti.

Alifunga ndoa na dada yangu kwenye madhabahu hii tarehe 12 Juni 1976, bibi harusi akaomba fungate Colorado akaone theluji, bwana harusi akampeleka Fort Davis, humuhumu Texas, akamwambia, "Mlima ni mlima, mpenzi, na huu ni wetu." Lorene hajavuka mpaka wa Texas hadi leo. Walijaliwa mtoto mmoja, Jolynn, mwaka 1984, akaolewa huko Pueblo, Colorado, mimba tatu zikaharibika, ya nne ikashika mwaka huu, akamwomba mama yake awepo siku ya kujifungua. Lorene hakutaka kingine duniani.

Moyo wa Delmer ulianza kusumbua mwaka 2019, daktari akamkataza safari ndefu, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Waliondoka Jumapili, tarehe 9 Oktoba 2022, safari ya siku mbili, na Jumatano bado wako Lubbock, kwa ajili ya vibao, huku Jolynn ameshashikwa na uchungu. Maji yakamfika Lorene shingoni, akamwambia, "Hama kiti. Naendesha mimi." Walipoipita Dalhart, mpaka ukiwa karibu, Delmer akasema, "Simama." Akarudia, "Lorene, simama kidogo," naye akamjibu, "Leo hata kibao kiwe na jina lako, hatusimami." Alipogeuka kumtazama, maili nne mbele, Delmer alikuwa ameegemea dirisha. Alifariki hospitalini jioni hiyo, na mjukuu wake, msichana, akazaliwa usiku, Jolynn akiwa ameshikwa mkono na muuguzi.

Tangu siku hiyo Lorene hali chakula, na anasema hastahili kumbeba mtoto yule. Nanyi mnaonong'ona dukani kwamba angesimama mumewe angepona, nimewasikia, tena wengine mmekaa viti vya mbele.

Familia inawashukuru majirani kwa sufuria za chakula zisizokwisha, madereva wenzake waliobeba jeneza, na madaktari wote, hasa yule aliyetuambia waziwazi kwamba moyo ule hata wangesimama palepale usingepona. Kesho kutwa nampeleka dada yangu Colorado, atake asitake, akampakate mjukuu.

Nawe Delmer, kwa miaka arobaini na sita ulimzoesha mkeo kwamba "simama" yako ni ya kusoma kibao, basi mzigo huo ni wako, shemeji yangu, ondoka nao, usimwachie yeye. Pumzika kwa amani, na umwache Lorene naye apumzike.