Kipa Anayeyeyuka Kwenye Mtoano

Nimeshindwa kuusahau uvumi kwamba mwanangu Darcy, kipa wa hoki ya barafuni, huyeyuka mechi za mtoano zikianza. Jana niliusikia tena, kwenye basi la kwenda uwanjani kutazama fainali.

"Kibabu yule atatuaibisha," alisema bwana mmoja mbele yangu.

Mama aliyeketi kando yake akacheka. "Uzee ndio umemtuliza, kaka. Siku hizi harukiirukii hovyo. Leo hafungwi hata..."

"Nyamaza, dada! Hayo hayatamkwi kabla ya mechi kwisha. Utamtia nuksi."

Kumbe naye anamtakia mema. Walibishana mpaka basi likasimama.

Akina mama wa makipa, epukeni haya: basi la mashabiki, kutabiri kwamba hafungwi, kumsihi anyoe ndevu anazofuga kwa bahati mtoano ukiendelea, na kujitambulisha.