Adapta za Bi Shifaa

Baraza ya Bakr iko pale kichochoro kinapopinda kabla ya kufika sokoni, mahali ambapo punda wawili hawawezi kupishana bila wenyewe kugombana. Bakr hulitua dele lake la kahawa baada ya swala ya alasiri, na makaa hayajashika vizuri wateja wake washakaa: Abubakr aitwaye Redio, kwa kuwa hazimiki, Jeilani aitwaye Wakili, aliyewahi kutoa ushahidi katika kesi ya mbuzi na tangu siku hiyo akawa bingwa wa sheria zote, na Kipchumba, mwalimu wa fizikia kutoka bara, ambaye kwa wote ni Mwalimu tu. Siku hiyo aliyetangulia kufika alikuwa Husseini, fundi wa gemu za zamani, zile za kaseti. Husseini huzikusanya zikiwa zimekufa, huzifungua, huzitia vipuri vipya, kisha huzihakiki kwenye chaneli yake ya mtandaoni, na watu kutoka Amu mpaka Mombasa humsikiliza. Wiki tatu nyuma alikuwa akihakiki adapta ya umeme inayouzwa na Bi Shifaa. Katikati ya video mtambo wa gemu aliouchomeka kwayo ukafuka moshi. Husseini akaitazama kamera, akasema: "Adapta hii ya Bi Shifaa ni hatari. Msinunue."

— Shifaa mepiga simu, alisema Bakr akimimina. Yuwaya hapa. Amesema Husseini asiondoke.

Husseini alikipokea kikombe, akakishika bila kunywa.

— Yeo kuna kazi, alisema Redio. Yuwaya na polisi.

— Polisi hawahusiki, alisema Wakili. Hii ni kesi ya kuchafuliwa jina. Atataka chaneli ifungwe, na kaseti zote zishikwe kama ushahidi.

— Kaseti zina kosa gani?

— Zilikuwepo, Redio. Kwa sheria, kilichokuwepo ni shahidi.

Mwalimu Kipchumba alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Wacheni hizo. Mimi naona shida ni stima yenyewe. Hapa kwenu inapanda na kushuka vile inataka. Hiyo adapta ilipigwa na stima, ikapiga mtambo.

— Mwalimu, stima ya Amu ni ile ile, na friji ya Bakr i hai, alisema Redio. Nisikilizeni mimi. Ni kampuni za huko ng'ambo zilizotengeneza mitambo hiyo. Zimeona watu hawanunui mipya, wanafufua ya zamani. Basi zina setilaiti. Zikiona mtambo wa kale umewashwa, zauchoma kutoka juu!

— Kupitia dari? aliuliza Mwalimu.

— Kwani mvua yapitia wapi kwako?

— Na mimi naongeza, alisema Wakili akinyoosha kidole. Setilaiti hiyo haiwezi kuujua mtambo ulipo bila mtu wa kuielekeza. Kwa hivyo kuna jasusi. Na jasusi yuko Amu.

— Nani?

— Anayeuza adapta!

Wote waliangua kicheko isipokuwa Husseini. Mfukoni mwake, ndani ya karatasi ya shashi, alikuwa na kipande kidogo mfano wa kopo, kisichozidi ukucha, kilichopasuka kitwani. Jana ndipo alipopata moyo wa kuufungua ule mtambo ulioungua, akakikuta humo. Kipande hicho kilikuwa na upande wa chanya na upande wa hasi, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake, usiku ule wa kuamkia video, alikuwa amekilehemu kinyume. Adapta aliipima mara nne. Haikuwa na kosa lolote. Usingizi haukumjia mpaka adhana ya alfajiri.

— Usiogope, ndugu yangu, alisema Wakili akimpiga begani. Mimi nitakusemea. Tutasema adapta ilikuwa moto hata kabla hujaichomeka.

— Na mimi nitaapa niliiona, alisema Redio.

— Hukuwepo, Redio, alisema Bakr.

— Nitaapa niliisikia.

Husseini aliwatazama. Ilikuwa njia nyepesi kweli. Mwalimu alishatoa umeme wa mji, Wakili alishatoa utetezi, Redio alishatoa kiapo. Kilichobaki ni yeye kunyamaza tu. Kwenye chaneli ile watu walimwita "fundi asiyekosea", na jina hilo alilipenda kuliko alivyowahi kukubali mbele ya mtu.

Hapo Bi Shifaa akatokea kwenye kona. Hakuja na polisi. Alikuwa peke yake, buibui limeingia chumvi pindoni, mkononi kabeba mfuko wa plastiki mzito.

— Asalaam aleikum.

— Waaleikum salaam, walijibu, na Redio akasogea nyuma ya Bakr.

Bi Shifaa aliuweka mfuko juu ya baraza. Nyaya nyeusi zikachomoza.

— Bwana Husseini, nimezikusanya. Nilizouza zote. Za Shela nilizifuata kwa miguu, za Ras Kitau nikavuka. Ya mwisho ilikuwa Mkokoni, kwa Mwanamkisi. Nimerudi sasa hivi. Wanawe walilia nilipoichomoa. Nikawaambia, heri mlie nyinyi kuliko nyumba kuungua. Wiki tatu hizi sijalala. Nikifumba mato naona makuti yanawaka. Nimekuya nikuulize wewe mjuzi: nizitupe wapi, mtu asije akaziokota akazitia umeme?

Wakili alijikohoza, akakumbuka kwamba alikuwa na utetezi, akaumeza.

Husseini alikitua kikombe. Alitoa ile karatasi mfukoni, akaifungua mbele ya wote.

— Usizitupe, Bi Shifaa. Adapta zako ni nzima. Kosa ni langu mimi. Kitu hiki nilikifunga kinyume, usiku, kwa haraka ya kutaka video itoke. Ndicho kilichotoa moshi. Nimejua jana.

— Jana?

— Jana magharibi. Ningekuja kwako asubuhi. Niliogopa.

Bi Shifaa alikitazama kile kipande, kisha mfuko, kisha akaketi pembeni mwa baraza ile ya wanaume bila kumwomba mtu nafasi. Alifunika uso kwa viganja viwili. Husseini alidhani analia, akasubiri aanze kutukanwa.

— Kwa hivyo sikumpelekea mtu moto nyumbani kwake, alisema Bi Shifaa ndani ya viganja.

— Hukumpelekea.

— Hata wale wa Mkokoni.

— Hata mmoja.

— Alhamdulillah. Alhamdulillahi rabbil alamin. Alishusha mikono, na uso wake ulikuwa umerudi miaka kumi nyuma. Wewe nitakukasirikia kesho, Husseini. Yeo nimechoka, tena nimefurahi mno.

Bakr akamtilia kahawa. Mwalimu Kipchumba alikuwa tayari ameitoa simu yake.

— Bro, sema hapa hapa, alisema. Ulisema kwa video, rekebisha kwa video.

Husseini aliona kitwa chake kidogo kwenye kioo cha simu, nyuma yake Redio akijitengeneza kofia. Alieleza yote. Alikiinua kile kipande, akaonyesha chanya na hasi, akasema aliyekosea ni fundi na adapta ni salama, akaomba radhi kwa kumtaja Bi Shifaa jina. Alipomaliza alihisi mabega yake yameshuka, kama aliyetua gunia la unga aliloanza kuzoea uzito wake.

— Kisheria, alisema Wakili, hapo umekwisha.

— Kisheria nyamaza, alisema Bakr.

Bi Shifaa alikunywa kahawa yake mpaka chini. Aliinuka, akaukamata mfuko wake. Mkokoni walikuwa wakingoja, na ndia ya kurudi ilikuwa ile ile. Akageuka.

— Jambo moya limenisumbua tangu nilipoiona video ile. Moshi ulipotoka, mkono wako ulikuwa humo humo ndani ya mtambo. Hukuungua?

Redio alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Mwalimu. Kwa wiki tatu walikuwa wameujadili moshi ule kwa sheria, kwa fizikia na kwa setilaiti, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza habari za mkono.

Husseini aligeuza kiganja chake cha kulia, akakitazama kama mtu anayekumbushwa kuwa ni chake. Kidole cha shahada kilikuwa na baka jipya, ngozi laini ya waridi.

— Niliungua, Bi Shifaa, alisema. Lakini mkono umepoa.