Msoma Mita

Kwenye treni ya asubuhi, mama mshonaji na fundi seremala walibishana kuhusu msoma mita wa maji aliyeuawa kwa risasi mtaani kwetu juzi.

"Mtu akiingia uani kwako, sheria inakuruhusu kujilinda," alisema fundi, kana kwamba sheria hiyo aliiranda mwenyewe. "Mtaa ule umeibiwa mara tatu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Hushtuka, baba. Hapigi risasi mtu aliyechuchumaa anaandika namba, mgongo kampa."

"Angejuaje? Kundi la WhatsApp la mtaa lilishatangaza mwizi."

"Na nyumba ya kwanza alibisha hodi mpaka akachoka." Mama akakata uzi kwa meno. "Mimi huyo aliyetangaza ndiye ningependa nimwone uso."

Magoti yangu na ya mama yalikuwa yanagusana. Nyumba ya kwanza ni yangu. Nilimsikia akibisha, nikanyamaza kwa kuepuka usumbufu. Alipoingia kwa jirani nikaandika neno moja kundini. Nimeshalifuta.

Treni iliposimama nikamshushia mama kikapu chake. Akanitazama vizuri. "Asante, mwanangu. Watu wema kama wewe wamebaki wachache."